Bangili Haikuwaka

Kila mwaka sisi tunaotunza siri za serikali tunahojiwa nyumbani, tukiwa na bangili inayowaka nyekundu mtu akidanganya. Mlevi akikiri, anatibiwa na kurudi kazini. Mwongo harudi.

Leo alianza mume wangu, Lusekelo.

"Unakunywa?" afisa aliuliza.

"Niliacha zamani."

Bangili haikuwaka. Kila asubuhi kwa miaka kumi nimemsikia akijiambia maneno hayohayo, huku akijaza gongo kwenye chupa ya chai ya kwenda nayo kazini, mpaka ameyaamini.

Kisha nikavishwa mimi, ambaye sijawahi kuonja hata bia.

"Mama, mumeo ameacha pombe?"

Nikafikiria aibu, nikafikiria watoto. "Ameacha."

Bangili ikawaka mpaka mkono ukawa kama una damu. Afisa akaandika kwamba mume ni mkweli na mke ni mwongo, kwa kuwa kila mtu anahukumiwa kwa bangili yake. Akachukua kitambulisho changu cha kazi, akaniaga kwa heshima.

Lusekelo akakaa karibu yangu, akanishika bega.

"Mama Tusa," alisema, na pumzi yake ikaniwasha macho, "kwani ungesema ukweli ungepungukiwa nini?"