Sentensi ya Bi Sikudhani

Katika darasa la watu wazima, Mwalimu Kitwana aliandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza, "looks after", akaeleza kwamba maana yake ni kumtunza mtu. Anayetunza hutajwa mwanzo, anayetunzwa hutajwa mwisho. Kisha akamwita Bi Sikudhani atunge sentensi ya kweli.

Sikudhani akaandika: "Sikudhani looks after Mwanaheri."

"Mwanaheri ndiye nani?"

"Mke mwenzangu. Amepooza miguu tangu mwaka juzi."

Mwalimu akaweka alama ya vema. "Wangapi wanaweza hilo? Hebu mpigieni makofi."

Wakapiga. Sikudhani hakurudi kukaa.

"Lakini mwalimu, saa hizi mwanangu mchanga yuko mapajani kwake. Nywele hizi kanisuka yeye. Hata hili darasa mimi nililikataa, yeye ndiye aliyenishikilia nije."

"Basi sentensi yako ni ipi, Bi Sikudhani?"

Sikudhani akafuta majina yote mawili kwa ncha ya kanga. Ubaoni yakabaki yale maneno ya katikati na alama ya vema, naye amesimama pale pale, chaki mkononi.