Dawa ya Knislis

Shamba la ushirika lilikuwa limemchukua ng'ombe wa Skaidra tangu wakati wa theluji, lakini Mei ilipoingia bado alikuwa jikoni akichemsha dawa ya kupaka ng'ombe: lami ya magome, mafuta ya bata bukini na mnanaa.

"Unampaka nani, shoga? Paka?" Jirani yake Milda aliuliza dirishani, akijipiga makofi shingoni.

"Najipaka mwenyewe. Hawa knislis wa mwaka huu wana meno ya mbwa."

"Kwa harufu hiyo hata mchumba kipofu atakimbia."

"Nina mume."

Milda akainamisha macho, akaenda zake.

Hao knislis, aina ya usubi unaouma, walikuwa wamepanda kutoka mto Daugava kama wingu. Kijidudu kidogo kuliko punje ya ulezi, na wiki ile tayari kilikuwa kimeangusha ndama watatu. Mtu aliyejificha msituni angefanyaje? Moto hawezi kuwasha; moshi ungewaita askari. Na mumewe Žanis alikuwa na ngozi ya kitoto, aking'atwa mara moja tu, jicho zima linavimba.

Mwaka wa nne huu Žanis yuko msituni na wenzake wanaoipinga serikali mpya. Tangu theluji iyeyuke hakuja hata kugonga dirisha. Watu walisema amekwisha. Skaidra hakubishana nao. Kila Jumamosi alikwenda kuokota kuni, akaacha kopo la dawa chini ya kisiki cha mwaloni. Jumamosi iliyofuata alilikuta tupu, limekombwa kwa kidole mpaka chini.

Maiti hajipaki dawa. Kwa sababu ya kopo hilo tupu Skaidra aliamka, akala, akachana nywele.

Jumamosi ya nne alilikuta tupu tena. Alilificha ndani ya mtandio, akapitia dukani kununua chumvi, wimbo umemjaa kooni.

Foleni nzima ilikuwa ikijikuna. Mlangoni aliketi Ilmārs, mtoto wa msaga unga, siku hizi askari wa kuwinda watu wa msituni. Mashavu yake yalikuwa safi, hayana hata kipele. Alisimama kumpisha, kwa adabu aliyofunzwa kwao.

"Shangazi Skaidra," akanong'ona, "mkono wako una baraka. Ila Jumamosi ijayo utuletee kopo kubwa. Pale kwenye kisiki tulikuwa wawili, sasa tuko sita."