Ngozi Isiyo na Manyoya

Siwema hakutupa hata unyoya mmoja.

Ngozi ya swala ilikuwa imelala ndani ya pipa la chokaa na majivu, kule uani kwake Kariakoo, mpaka manyoya yakawa yanang'oka kwa kidole. Akaitandaza juu ya gogo, akaikwangua kwa mgongo wa panga kuanzia shingoni kushuka chini, taratibu, kama anayemnyoa mtoto wa arobaini. Mekundu ya mgongoni, meupe ya tumboni, yote akayasuuza na kuyaanika mkekani. Mkia aliukata, akauanika peke yake.

"Shemeji, bado tu?" Abbasi alisimama mlangoni, leso puani.

"Bado kidogo. Chokaa haitaki haraka."

"Ikishakuwa nyeupe hivyo, nani atajua si mbuzi? Kosa la Sadalla ni kukutwa na manyoya."

Siwema aliendelea kukwangua. Sadalla ni mumewe, na Abbasi alikuwa rafiki yake. Uwindaji ulipopigwa marufuku, alikamatwa na ngozi kama hii hii, mali ya Abbasi, aliyoletewa ailainishe. Mbele ya hakimu Abbasi akashika msahafu, akaapa hamjui Sadalla hata kwa sura. Sadalla akaenda gereza la Ukonga. Na sasa Abbasi kaleta nyingine kwa Siwema, bila haya, maana kazi ile alikuwa kajifunza kwa mumewe na mjini hapakuwa na mkono kama wake.

"Na hayo manyoya?"

"Niachie mimi. Hutayaona tena."

Majirani walimsema sana. Clotilda, mama wa Kichaga mwenye duka la pembeni, alishindwa kunyamaza. "Mwenzangu, hata kuku akikanyagwa hulia. Wewe unamtumikia aliyemfunga mumeo?"

"Niazime sindano na uzi mwekundu, mama," Siwema akasema. "Ijumaa Abbasi anaoa. Shemeji haendi harusini mikono mitupu."

Ijumaa, nyumbani kwa Abbasi, jamvi lilitandikwa, wazee wakakaa, udi ukafukizwa. Pilau haijapakuliwa, sajenti akaingia na askari wawili. Walipekua chumba hadi chumba, wakatoka na ile ngozi. Sajenti akaikunjua, akainusa, akaiinua kwenye mwanga. Nyeupe pee.

"Mbuzi huyo, afande," Abbasi akasema, akijiegemeza vizuri kwenye mto mpya uliodariziwa maua mekundu. "Wa akika ya mjukuu wangu. Au siku hizi na mbuzi anaombewa kibali?"

Wageni wakaangua kicheko. Sajenti akaikunja ngozi, akamrudishia mwenyewe, akageuka kuondoka kwa aibu.

Barazani alimkuta Siwema anamngoja, katulia, mkasi mkononi.

"Ngozi achana nayo, mwanangu," akamwambia, akimkabidhi ule mkasi. "Aliyekuita ni mimi. Rudi ndani ukapasue mto anaouegemea. Hata mkia nimeushonea humo."