Jani Zima

Mwenyekiti aliliinua jani la spinachi juani, akafumba jicho moja kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Akaligeuza. Halikuwa na tundu hata la kupitisha ncha ya pini.

"Haya, jamani," alisema. "Mwenye macho na aone."

Ijumaa hiyo alasiri wanachama kumi na sita walikuwa wameizunguka meza ya mauzo, katikati ya matuta waliyoyachimba kwa mikono yao nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali palipokuwa jalala. Sharti kuu la shamba lao lilikuwa moja: dawa ya kuua wadudu haipiti getini. Ndiyo maana kila Jumamosi mtaa mzima ulipanga foleni, wagonjwa na wenye watoto wachanga mbele, wanunue mboga salama kwa bei ya mtu wa kawaida. Wanunuzi hao walikuwa na kipimo chao. Walilielekeza jani juani, wakatafuta alama za meno ya kiwavi. Wakiziona, walifungua pochi.

Jani lililokuwa mkononi mwa Mwenyekiti lilitoka kwenye tuta la Mshonaji.

"Yangu ni mazima kwa sababu naamka," alisema Mshonaji. Alikuwa ametoka cherehani moja kwa moja, vipande vya nyuzi bado vimemganda kwenye sketi. "Naokota viwavi mmoja mmoja, kabla jua halijatoka."

"Kumbe sisi wenzako tumelala," alisema mtu wa nyuma. Wakacheka.

"Mungu ndiye shahidi yangu."

"Mungu usimwingize kwenye spinachi, mama," alisema Mwenyekiti. "Kikao tumekifungua kwa sala, inatosha."

Bwana Mapipa, mzee wa kujaza maji ya kumwagilia, alikohoa. "Mimi ndiye nafungua geti alfajiri. Namkuta nje ananingoja, na kopo lake."

"Kopo la nini?"

"La viwavi."

"Uliwaona, au aliwataja yeye?"

Mzee alikuna kidevu.

"Mzee wangu, hiyo miwani yako nayo inahitaji miwani," alisema yule wa nyuma, na kicheko kikaenda hadi ukutani.

Mwenyekiti hakucheka. Alijua vizuri dawa inalifanya nini jani, akawaeleza polepole, akimtazama kila mmoja usoni. Linakuwa nene. Linang'aa kama limepakwa mafuta. Hata ukilikata jioni, asubuhi bado limesimama. Watu walilitazama lile jani, kisha wakamtazama Mshonaji kama vile hawajawahi kuchota naye maji kwenye pipa moja.

Mshonaji alitoa kijitabu cha masharti ya kikundi. Mwaka uliopita ndipo alipoanza masomo ya jioni, na bado alisoma kwa kidole.

"'Pakiwa na shaka... majani ya kila tuta... yapelekwe kwa bwana shamba... yakapimwe.'" Aliinua uso. "Anapima bure. Jumatano yupo. Tuchume jani moja kila tuta. Langu liwe la kwanza."

Wawili watatu walitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti aliliweka jani mezani haraka.

"Kila tuta," alisema. "Yaani kosa la mmoja, tuvuliwe nguo wote. Mtaa ukisikia shamba linapimwa sumu, Jumamosi ijayo meza hii itanunuliwa na nzi. Mwenzetu kajua kusoma juzi, leo anatufundisha sheria."

Safari hii walicheka hata waliokuwa wametikisa vichwa.

Mshonaji alikifunga kijitabu. "Mama mkwe wangu yuko kitandani mwaka wa pili sasa," alisema. "Mboga za sokoni anazitapika. Za duka kubwa siziwezi bei. Mkininyang'anya tuta, mtakuwa mmemnyima yeye, si mimi."

"Ungemfikiria kabla ya kupulizia."

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Ilinyanyuka yote, isipokuwa wa Bwana Mapipa, uliobaki mfukoni. Kisha wakaling'oa tuta zima, na walioshika majembe ni walewale ambao Mshonaji aliwafundisha kukuza miche. Spinachi ikatupwa kwenye shimo la mboji, mizizi juu. Mshonaji alisimama mpaka shina la mwisho. Hakulia. Aliokota kopo lake, akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemwita.

"Tuta lake apewe nani?" mtu aliuliza.

"Nitalitunza mimi kwa sasa," alisema Mwenyekiti.

Akafunga kikao kwa sala. Aliomba shamba lilindwe na watu wa nyuso mbili, wakaitikia amina kwa sauti moja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimshika mkono kwa mikono miwili. "Dada, bila wewe tungelishwa sumu."

Wakatoka wawili wawili. Kufunga geti ilikuwa kazi ya Mwenyekiti, na kila Ijumaa jioni, kabla ya siku ya mauzo, alibaki nyuma peke yake. Waliochungulia kupitia ua walizoea kumwona amepiga magoti kwenye tuta lake, lile la pembeni kabisa, kichwa amekiinamisha. Walipita kimyakimya wasimkatize.

Leo pia alipiga magoti. Spinachi yake ilikuwa nene, inang'aa, haina doa. Alitazama getini mara moja, akatoa mrija wa kalamu iliyokwisha wino, akaanza kutoboa majani. Tundu kubwa hapa, mawili madogo karibu na mshipa, jingine ukingoni kabisa. Mpaka asubuhi yangekuwa yamekauka kingo. Hakufuata mstari, kiwavi hali kwa mstari.