Boriti ya Baa

Ratemo alikuwa amekata boriti nusu. Aliposhuka mezani kupumzisha mkono, ndipo alipogundua kwamba amesimama wima chini ya boriti hiyo.

Alipitisha kiganja kati ya utosi wake na mti. Kikapita.

Baa hiyo ilijengwa na mzungu wa kwanza wa shamba lile la chai, karibu na Kericho, akiiga baa ya kijiji chao Uingereza: dari ya chini, boriti nene zilizopakwa lami, madirisha madogo, na jiko la ukutani la kuotea moto ambalo mtu angeweza kukaa ndani yake. Wazungu warefu waliingia humo wameinama. Sasa, mwaka 1968, walikuwa wamehama, na baa inageuzwa shule ya watoto wa wafanyakazi.

Ratemo, seremala kutoka Kisii, aliiomba kazi hiyo mwenyewe. Mwaka uliopita kaka yake Ondieki, mhudumu wa baa, alikufa humo kwa kugonga kichwa kwenye boriti ile. Ndivyo meneja mzungu wa shamba alivyoandika katika ripoti.

Mjane wa Ondieki, Bosibori, ndiye aliyekuwa akifagia majivu ya jiko lile kila asubuhi. Alimwomba Ratemo jambo moja tu: mti huo usitupwe, aletewe auchome. Ratemo alimwelewa.

Lakini yeye na Ondieki walikuwa wa kimo kimoja. Walikua wakivaa koti moja kwa zamu.

Aliuacha msumeno umenasa juu kwenye mti, akateremka kambini kwa wafanyakazi.

Alimkuta Bosibori akichambua maharagwe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulivunjika mara mbili Ondieki akiwa hai, na mara zote mbili aliwaambia watu ameteleza shambani. Haukunyooka tena.

Ratemo alimweleza alichokiona. Meneja ndiye aliyemuua kaka yake, alisema, kisha akaandika uongo. Kesho wangekwenda wote wawili polisi, boriti ipimwe ikiwa bado iko juu.

Bosibori aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha.

"Huyo meneja yuko wapi siku hizi?"

"Alirudi kwao. Lakini serikali ikitaka, itamfikia huko huko."

Bosibori alimimina maharagwe kwenye sufuria, akaifunika.

"Mwache mzungu wa watu, shemeji," alisema. "Aliandika vile nilimwambia."