Sinia la Marehemu

Mwanakombo alikuwa akipanga taa za chemli kwenye mkeka wake, katika soko la vitu vya kale, alipomwona mteja wa jana akija na lile sinia la shaba mikononi. Amekuja kudai pesa zake, alijua. Sinia lilitoka kwa muuza vyuma chakavu, lakini jana alimwambia binti huyu anachowaambia wateja wote, kwamba lilikuwa la marehemu mama yake. Chombo chenye historia huuzika.

Binti alilitua taratibu, akafunua kawa. Chini yake kulikuwa na vitumbua, bado vya moto.

"Sikulala, dada," alisema. "Kila nikilitazama naona shida imekuuzisha kumbukumbu ya mama yako. Lichukue. Na chombo cha watu hakirudishwi kitupu."

"Na pesa zako?"

"Kaa nazo. Shida haina mwenyewe."

Kwenye mkeka wa jirani, muuza saa aliyekwisha kumsikia Mwanakombo akimzika mama huyo huyo ili auze pasi ya mkaa na cherehani aliinamia saa zake, asiinue uso.

"Mama aliitwa nani?" Binti alikuwa amekwisha kuinua viganja. "Tumwombee dua."

Mwanakombo akafumbua mdomo. Jina la mama yake, aliyemwacha asubuhi uani akipepeta mchele, lilimfika ulimini. Viganja vya binti vilibaki wazi, vikisubiri, na vitumbua vikafuka mvuke kati yao.