Radhi ya Sentensi Nne

"Mwizi ni mkeo, kaka. Hapo sirudi nyuma hata hatua moja."

"Punguza sauti, wapita njia wanasikia."

"Waache wasikie! Mkeo hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Leo ndiye wa kuwafundisha watu kupanua gauni la bibi harusi bila kuacha alama ya mshono wa zamani?"

Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amezipakata suruali tatu zilizosubiri kupunguzwa kwa sababu hakukuwa na pengine pa kuziweka. Dada yake, fundi cherehani, hakuutoa mguu kwenye kanyagio. Aligomba huku anashona, na mshono haukupinda.

Walizaliwa wawili tu, na kwa miezi minne sasa hawakuwa na mazungumzo mengine.

Fundi alikuwa ameanzisha blogu kwa kujifurahisha, aandike habari za nguo zinazopita mezani kwake. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Sentensi zilianza asubuhi zikaisha jioni. Ukurasa ulikuwa mwekundu, herufi za njano, na maua yakizunguka pembeni. Msomaji mmoja alimwandikia kwamba blogu yake inaumiza macho. Hakununa. Kila alfajiri kabla ya kufungua duka aliandika ukurasa mmoja kwa mkono, akausoma kwa sauti, akakata kila neno lililokaa bure kama anavyokata nyuzi zinazoning'inia. Maua akayaondoa. Akaweka herufi nyeusi kwenye weupe, akajifunza kupiga picha karibu na dirisha. Makala yake kuhusu suruali ya marehemu iliyogeuzwa kaptula ya shule ya mwanawe ilisomwa na watu elfu nane.

Wiki mbili baadaye, wifi yake naye akawa na blogu. Makala zilezile, neno kwa neno, chini ya picha ya studio akitabasamu meno yote nje.

"Kwake zina tarehe ya nyuma," kaka alisema. "Yeye jana, wewe leo. Sasa nani kamwibia nani?"

"Tarehe unaipanga utakavyo, kama saa! Nikiweka kitu, dakika tatu tu, kwake kipo. Mwezi uliopita niliandika, 'Leo sifungui, cherehani imeharibika.' Na kwake ikatokea. Yangu niliifuta kesho yake, ya kwake ipo mpaka leo. Kaka, mkeo ana cherehani?"

"Alikuwa anatania."

"Anamtania nani?"

"Kubali tu kwamba ana kipaji. Wewe unahangaika na madaftari kila alfajiri. Mwenzako kompyuta hata haigusi. Fundi wake wa kompyuta kampangia kila kitu, mambo yanajiendesha yenyewe. Sasa hivi yuko saluni, mhariri akimpigia simu ya video asimkute hovyo."

Mhariri. Hapo ndipo palipouma. Gazeti moja la wanawake lilikuwa likitafuta mwandishi wa safu ya ushonaji ya kila wiki. Mhariri alikuta blogu mbili zinazofanana kama pacha, akawaambia wote wawili kwamba atazifungua leo saa kumi jioni aamue mwandishi ni nani. Ilikuwa kumi kasoro robo.

Kwa mwezi mzima fundi alikuwa akiandika makala ya kumwumbua wifi yake. Alikuwa amefikia ya tisa. Alitaka imchome. Alitaka wifi asipate pa kuuficha uso, kila atakayemwona amwonyeshe kidole. Lakini kila aliposoma kwa sauti alisikia kile ambacho watu wangesikia: wivu wa mtu na wifi yake. Zote tisa alizichana.

Kaka alisimama, akaziokota funguo za duka mezani. Chumba kile cha duka kilikuwa mali ya kaka.

"Nisikilize vizuri. Unaandika kuomba radhi sasa hivi, mhariri aikute, au naondoka na hizi. Nimechoka kusuluhisha wanawake."

Cherehani ikanyamaza.

Fundi alivua kidoleni subana ya kuzuia sindano, akaiweka juu ya meza taratibu.

"Sawa," alisema. "Niandike nini?"

Kaka hakutegemea ushindi wa haraka namna ile. Alikohoa, akavimba kama anayehutubia mkutano. "Andika hivi: Mimi, kwa moyo mkunjufu na majuto makubwa, baada ya kutafakari kwa kina..."

"Ndefu hiyo. Msomaji atakimbia." Aliivuta kompyuta, akaandika, akafuta neno, akaandika tena. Kisha akasoma kwa sauti, kama alivyozoea. "'Naomba radhi. Makala za ushonaji zilizomo humu si zangu. Nimeziiba kwa wifi yangu. Yeye ndiye mwandishi.'"

"Mtaje jina."

"Wifi ninaye mmoja tu. Nani asiyejua?"

Kaka aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno kwenye kioo. Aliirudia. Uso ukamlainika.

"Imetulia. Haya, bonyeza."

Alibonyeza.

Kaka akaziacha funguo mezani, akampigapiga begani. "Umeonyesha utu uzima, mdogo wangu. Ngoja nimfuate saluni nikampe habari kwa mdomo wangu." Akatoka anapiga mluzi.

Fundi alingoja dakika tatu, mikono mapajani, kisha akafungua blogu ya wifi yake. Sentensi zote nne zilikuwa zimekwisha kufika, chini ya ile picha ya studio. Zikiwa zimebaki dakika mbili kutimia saa kumi, alirudi kwenye blogu yake mwenyewe, akaifuta radhi.